Kiti cha Mtoto Ndani ya Gari: Namna ya Kukichagua, Kukifunga na Kukitunza

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji wa Mkoa wa Simiyu mwenye mtoto mdogo, ambaye anamiliki gari, anaazima la ndugu au hulikodi pale safari inapomlazimu. Limezingatia magari yanayoonekana Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ambayo mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Limezingatia pia barabara zetu, ambazo chache ni za lami na nyingi bado ni za vumbi. Ili kuepusha mkanganyiko, neno "siti" litamaanisha kiti cha gari lenyewe, na "kiti" kitamaanisha kile kinachonunuliwa kwa ajili ya mtoto na kufungwa juu ya siti.

Kwa nini mikono ya mama haitoshi

Katika safari nyingi mkoani, mtoto mchanga husafiri mapajani. Mama hupewa siti ya mbele kwa heshima, kwa kuwa amebeba mtoto, humpakata na kuamini kwamba hakuna nguvu itakayomtoa mikononi mwake. Imani hiyo ni ya kibinadamu kabisa, lakini haistahimili hesabu.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inauruhusu katika maeneo ya makazi. Likigonga kitu kisichosogea, gari husimama ghafla, na kila kilichomo ambacho hakikufungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kishindo cha namna hiyo kinalingana na kuanguka kutoka juu kwa takribani mita 10, yaani kimo cha karibu ghorofa tatu. Mtoto wa kilo 10, ambaye kwa kawaida ana umri wa karibu mwaka mmoja, wakati huo humvuta aliyempakata kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja, yanayokuja katika sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna mama, hata aliyelima pamba maisha yake yote, awezaye kuyazuia kwa mikono. Na ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake ndio utakaombana mtoto kwenye dashibodi.

Barabara ya lami inayotoka Mwigumbi, kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, imefupisha safari zetu, na pamoja na kuzifupisha imeongeza mwendo wa magari. Lamadi inatufikisha kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ambako wakazi wa Busega hawajasahau ajali ya Kalemela ya tarehe 11 Januari 2022, magari mawili yalipogongana na watu zaidi ya kumi kupoteza maisha, wakiwamo waandishi wa habari waliokuwa kazini. Dereva mzuri hupunguza hatari, lakini hawezi kumwendeshea gari yule anayekuja upande wa pili.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba kiti kinachofaa, kikitumiwa ipasavyo, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Wapo wanaojibu kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilipotungwa mwaka 1973 haikutaja kiti cha mtoto, hivyo hawalazimiki. Jibu hilo lina uzito mdogo. Sheria huweka kiwango cha chini cha wajibu, na gari linapogonga halisomi vifungu.

Anza na kadi ya kliniki

Kosa la kawaida dukani ni kuchagua kiti kwa umri. Muuzaji huuliza, "Mtoto ana miezi mingapi?" kisha hutoa kiti. Umri hausemi mengi, kwa kuwa watoto wawili wa miezi 9 wanaweza kupishana kilo 3. Kinachohitajika ni uzito na urefu. Uzito mzazi anao tayari: umeandikwa kwenye kadi ya kliniki kila mtoto anapopimwa. Urefu unaweza kupimwa nyumbani kwa futi kamba ya fundi cherehani, mtoto akiwa amelazwa chali na miguu imenyooshwa. Nenda dukani na kadi pamoja na vipimo hivyo.

Viti vinavyofuata Kanuni Na. 44 ya Umoja wa Mataifa hupangwa kwa uzito. Kiti cha mtoto mchanga hubeba hadi kilo 13, kinachofuata hubeba kilo 9 hadi 18, na baada ya hapo huja viti vya kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae vizuri, kuanzia kilo 15 hadi 36. Kanuni mpya zaidi, Na. 129, hupanga viti kwa urefu wa mtoto na huvipima pia kwa ajali ya kugongwa ubavuni. Mlaji akiwa na uwezo wa kuchagua, achague kiti cha kanuni hii mpya. Asipokipata, kiti kizima cha Na. 44 ambacho namba yake ya idhini inaanza na 03 au 04 bado ni kinga ya kweli.

Uthibitisho wa kanuni hizi ni lebo, mara nyingi ya rangi ya chungwa, iliyobandikwa kwenye mwili wa kiti. Juu yake huwamo herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini, pamoja na uzito au urefu unaoruhusiwa. Kiti kilichotumwa na ndugu aliyeko Marekani hakitakuwa na alama hiyo, kwa sababu huko hutumika viwango vyao. Kitakuwa na maelezo ya Kiingereza yanayotamka kwamba kinakidhi viwango vya usalama wa magari vya nchi hiyo. Kiti kisicho na lebo yoyote kihesabiwe kuwa samani. Hapa inafaa kuonya juu ya vibebeo vya plastiki vyenye mpini, na vile viti vya kubembelezea mtoto sebuleni, ambavyo baadhi ya wauzaji huviita vya gari kwa sababu tu vina kamkanda kembamba. Kifaa ambacho hakina njia ya kupitishia mkanda wa gari, wala vishikizo vya kukifunga kwenye siti, hakikutengenezwa kwa ajili ya gari.

Kiti cha mtumba

Tujadili jambo hili bila kujifanya. Kwa familia nyingi za Simiyu kiti kipya ni gharama kubwa, na kinachopatikana ni kilichotumika. Mamlaka za nchi nyingi humshauri mzazi asinunue kabisa kiti cha mtumba kutoka kwa asiyemfahamu, na ushauri huo ni sahihi: kiti kilichopitia ajali kubwa kinaweza kuwa kimepasuka ndani bila dalili yoyote nje. Kilichotumiwa na dada yako au jirani, ambaye anaweza kukueleza historia yake kwa ukweli, ni bora mara nyingi kuliko kile kinachong'aa juu ya meza ya mnadani.

Atakayelazimika kununua, akigeuze kiti juu chini kabla ya kutoa fedha. Chini au mgongoni huwa pamegandamizwa tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi kati ya miaka 6 na 10, kwa kuwa plastiki huchoka, hasa ikikaa kwenye gari linaloegeshwa juani kama magari yetu. Avue kitambaa atazame plastiki. Mstari mweupe mahali ilipopinda ni dalili ya ufa. Abonyeze povu gumu jeupe lililo pande za kichwa, linalofanana na lile linalopakiwa na runinga, kuona kama limevunjika. Afunge na kufungua kifungio mara kumi. Kinapaswa kulia "tak" kila mara na kisifunguke kwa kuvutwa. Mikanda isiwe na nyuzi zilizochomoka wala mshono mpya. Mshono mpya unamaanisha kwamba fundi cherehani ameshapita hapo. Fundi huyo ni stadi wa suruali, lakini uzi wake haukukusudiwa kuzuia kilo 200.

Kabla ya kulipa, omba kukijaribu ndani ya gari litakalotumika. Baadhi ya magari yana mikanda mifupi isiyoweza kuzunguka kiti kikubwa cha mtoto mchanga, na magari mengi ya zamani hayana vile vyuma vya ISOFIX vilivyofichwa kati ya mgongo na kalio la siti, ambavyo viti vingine vinavitegemea. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekusaidia kufanya uamuzi.

Atazame wapi, akae wapi

Mtoto mchanga akae akitazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni takribani robo ya urefu wa mwili, na shingo inayokibeba bado haijakomaa. Gari likigonga mbele huku mtoto akitazama mbele, mwili huzuiwa na mikanda lakini kichwa hurushwa, na shingo ndiyo inayolipa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mwili kwa pamoja. Kanuni Na. 129 inataka hali hiyo hadi mtoto apite miezi 15. Kukaa hivyo muda mrefu zaidi, kadiri uzito na urefu vya kiti vinavyoruhusu, ni heri zaidi. Wazazi wengi humgeuza mapema kwa kuwa miguu yake imeanza kujikunja. Miguu kujikunja si tatizo. Mtoto hukaa mikunjo ya ajabu kuliko hiyo kwa hiari yake. Kiti kimekuwa kidogo pale utosi unapofika ukingo wa juu, au uzito unapozidi ulioandikwa.

Mahali pake ni siti ya nyuma. Kwenye Noah, safu ya kati ndiyo inayofaa, na ikiwa siti zake ni za kuzunguka, ihakikishwe imejifunga ikitazama mbele. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, yaani ule mfuko unaochomoka kwenye dashibodi gari linapogonga. Mfuko huo hutoka kwa kasi kubwa na kukipiga kiti mgongoni, mahali hasa kilipo kichwa cha mtoto. Maonyo yaliyobandikwa kwenye kizuia jua cha gari lililotoka Japani huwa ya Kijapani, hivyo wenye magari huyapuuza. Tafuta badala yake maandishi SRS AIRBAG upande wa abiria wa mbele, au picha ya kiti cha mtoto iliyokatwa kwa mstari. Ukiona mojawapo, jambo limekwisha.

Mwenye pikapu ya kabini moja hana siti ya nyuma. Kama upande wa abiria hauna mfuko wa hewa, kiti kinachotazama nyuma kinaweza kufungwa hapo. Kama upo, mtoto mchanga atafutiwe gari jingine kwa safari hiyo.

Kukifunga

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kiti cha bei nafuu kilichobanwa sawasawa kinamlinda mtoto kuliko kiti cha kifahari kilichotulizwa tu juu ya siti, na viti vilivyotulizwa tu ni vingi mno.

Kwanza utafute mkanda wa gari. Hili linaweza kuchekesha, lakini katika magari yetu mengi vifungio vya siti za nyuma vimezikwa chini ya makava, na mwenye gari aliyelipa fedha nzuri kwa makava na redio hajawahi kuviona. Viibue, hata ikibidi kava likatwe. Uvute mkanda wote utoke, uufute vumbi kwa kitambaa chenye maji, uone kama unarudi wenyewe na kama unakaza ukivutwa kwa ghafla. Nailoni ya kiwandani iliyobaki kwenye siti iondolewe, kwa kuwa kiti huteleza juu yake. Mto au blanketi lisiwekwe chini ya kiti ili "kikae laini".

Pitisha mkanda katika njia iliyoonyeshwa kwenye kiti, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya buluu kwa kiti kinachotazama nyuma na nyekundu kwa kinachotazama mbele. Kisha kandamiza kiti kwa goti, uzito wako wote ukiwa juu yake, huku ukivuta mkanda hadi ulegevu uishe. Shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, rudia. Kiti cha mtoto mchanga kiwe kimelala kiasi cha kutosha ili kidevu chake kisianguke kifuani, maana njia ya hewa ya mchanga huzibwa kwa urahisi na hana nguvu ya kuinua kichwa.

Baada ya kiti, mtoto. Mikanda ya mabega ianzie usawa wa mabega au chini yake kidogo kwa anayetazama nyuma, na usawa wa mabega au juu yake kidogo kwa anayetazama mbele. Ukaze, kisha jaribu kuuminya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kukunja ukanda, bado umelegea. Nguo ndiyo inayowadanganya wazazi wetu wengi. Mtoto hutoka nyumbani amevikwa sweta mbili, kofia na shali, hata katika jua la Oktoba, kwa kuwa bibi hatakubali vinginevyo. Mkanda hukazwa juu ya sweta, na siku ya ajali sweta hubonyea, mkanda hulegea na mtoto huchomoka. Njia isiyomkosesha bibi heshima ni kumfunga mtoto akiwa na nguo nyepesi, kisha kumfunika shali au kanga juu ya mikanda.

Kanga hiyo ina kazi ya pili. Gari likiegeshwa sokoni Bariadi mchana, chuma cha kifungio hupata joto la kuunguza ngozi, basi funika kiti kabla ya kushuka na ugusie kifungio kwa mkono wako kabla ya kumkalisha. Mtoto mwenyewe asiachwe ndani ya gari lililosimama, hata kwa dakika za kununua mkate.

Safari ndefu ina taratibu zake. Mtoto mchanga asikae kitini zaidi ya saa mbili mfululizo, na aliyezaliwa majuma machache tu apumzishwe mapema zaidi. Anayekwenda Mwanza anaweza kusimama Lamadi na tena Magu, amtoe, amnyonyeshe, amlaze bapa. Kumtoa kitini ili anyonye huku gari likienda ni kuondoa kinga yote kwa wakati mmoja. Baada ya kipande cha barabara mbovu, mathalani ukitokea vijiji vya Meatu kuingia kwenye lami, tikisa kiti tena, kwani mtikisiko hulegeza mkanda. Mikanda ikichafuka, ioshwe kwa maji na sabuni laini. Jiki huila.

Anapopita uwezo wa kiti chenye mikanda yake, mtoto bado si wa mkanda mtupu wa gari. Kiti cha kumwinua hutumika hadi mkanda wa chini upite juu ya nyonga badala ya tumbo, na wa juu upite begani badala ya shingoni. Kwa watoto wengi hilo hutokea wanapofikia urefu wa sentimita 135 hadi 150.

Ambaye hana gari

Wasomaji wengi wa kijitabu hiki husafiri kwa Hiace, basi au bodaboda, na haingekuwa haki kuwaacha. Ndani ya basi lenye mikanda, anayeweza kulipia siti ya pili afunge kiti hapo, mradi mkanda uliopo ni wa aina inayokubaliwa na maelekezo ya kiti. Asiyeweza, mama afunge mkanda wake kwanza, kisha ampakate mtoto nje ya mkanda. Kumzungushia mtoto mkanda mmoja na mama ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wa mama humkaba mtoto dhidi ya mkanda huo. Achague siti ya katikati ya gari, na aikatae ile ya mbele kando ya dereva hata akipewa kwa heshima.

Kwa bodaboda hakuna kiti cha mtoto mchanga, na mbeleko si mkanda wa usalama. Mtoto asiwekwe mbele ya dereva juu ya tangi. Safari ambazo tarehe yake inajulikana, kama za kliniki, au inayokisiwa, kama ile ya kumrudisha mzazi nyumbani kutoka hospitali, zipangiwe gari mapema. Ndugu kuchangiana teksi ya siku moja ni mchango wenye manufaa kuliko doti ya pili ya kitenge.

Ukiuziwa kisicho salama

Dai risiti, na uombe iandikwe jina la kiti na namba yake, si neno "bidhaa" tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa anachokiuza, na mtu aliyekuambia kwamba kibebeo cha sebuleni ni kiti cha gari amekupotosha. Anza kwa kumrudia muuzaji. Asipokusikiliza, peleka malalamiko pamoja na risiti na picha ya lebo, au ya mahali ambapo lebo ilipaswa kuwepo, kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania. Zote zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kihifadhi kiti hadi shauri limalizike.

Kiti kilichopata ajali au kupita ukomo wake kisiuzwe wala kugawiwa. Kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, ili atakayekiokota asije akambebea mtoto.